Nilichagua Siku ya Bamvua

Tangu nianze kusimulia mkasa huu sijawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na leo sitaanza. Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana: mimi ni Mwalimu Fikirini wa shule ya msingi hapa Kibiti, mzaliwa wa delta, mume wa Zuena, baba wa Iman. Soko lilipofunguliwa na wenye viwanda wakaanza kugombea kamba wa Rufiji, nami nikajitia mchuuzi wa kamba kila likizo. Ndivyo nilivyofika dago la Kikunguni, kambi ya wavuvi kule mikokoni. Na ndivyo nilivyoanza kulala katika kibanda cha Mwantum.

Kabla yangu Mwantum alikuwa na mtu mwingine, mnunuzi aliyekuja na boti la barafu. Wiki jana niliwaambia nilivyopata habari kwamba yule bwana wa barafu amezikwa Dar es Salaam, amekondeana hata waliomwosha walilia. Sote tulijua ni maradhi gani. Nikasema inna lillahi, nikafumba mdomo, nikarudi nyumbani kwa mke wangu aliyekuwa na mimba ya miezi minne.

Nilichofanya baada ya hapo kinanitia haya kuliko zinaa yenyewe.

Mwaka ule daraja la mto lilikuwa bado linajengwa, na malori ya kusini yalikuwa yakilala foleni siku mbili tatu yakisubiri kivuko. Ukimwi ulikuwa unatumaliza. Wafadhili wakatuletea mradi. Kamati ikaundwa, na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikafanywa katibu.

Mratibu aliitwa Bwana Bashiru, mzaliwa wa Tabora, mtu mwema sana. Alituambia wazi katika kikao cha kwanza.

"Mshauri wa kupima ni mmoja na vipimo ni vya miezi sita. Hatuwezi kuwa kila mahali. Wananchi wenyewe ndio watapanga kipi kitangulie."

"Na wakishapanga?" nikauliza.

"Napeleka wilayani, basi. Hakuna kubadilisha."

Palikuwa na mapendekezo mawili yenye nguvu. Hema la kupima barabarani, kwa ajili ya madereva na mama lishe wa Kibiti na Nyamwage. Au boti la kupima deltani, lipite dago hadi dago.

Mimi nikaliona akilini lile boti likitia nanga Kikunguni. Nikamwona Mwantum akitolewa damu. Nikamsikia mshauri akimwambia kwa upole, kama wanavyofundishwa, "Sasa dada, mweleze na mwenzio aje." Mwenzio nani? Mwalimu Fikirini wa Kibiti! Habari ingefika kwa Zuena kabla boti halijageuza.

Basi nikaamua boti lisiende.

Bwana Bashiru alinirahisishia kazi bila kujua. "Mwalimu, wewe ndiye mwenyeji," akasema. "Nipangie siku ambayo watu wa kila kijiji wataweza kufika."

Nikachungulia kalenda iliyobandikwa ukutani msikitini, ile yenye miezi ya Kiislamu. Nikachagua Jumamosi iliyoangukia mwezi kumi na nne.

Mtu wa bara ataona ni Jumamosi tu. Mtu wa delta, hata mtoto wa chekechea, anajua mwezi kumi na nne ni bamvua. Maji yanajaa mpaka mizizi ya mikoko inazama, na yakitoka yanatoka yote, na kamba wanatoka nayo. Siku hizo dago zima liko majini, wake kwa waume. Hata maiti husubiri. Ukimwita mvuvi kikaoni siku ya bamvua, ni sawa na kumwita mkulima siku anayovuna na nguruwe wameingia shambani.

Nilijua hayo vizuri. Nililelewa kwa kamba wa bamvua. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo humo.

Nikaandika barua za mwaliko kwa mwandiko wangu unaosomeka.

*

Siku ilipofika uwanja wa shule ulijaa. Kibiti walikuja, Nyamwage walikuja, mpaka Mkongo walituma watu. Upande niliowatengea watu wa delta palikuwa na mkeka mtupu.

"Wenzetu wa delta vipi?" akauliza Bwana Bashiru.

"Watu wa majini hawa," nikasema. "Kuwaweka kitako ni kazi."

Wakacheka watu. Nami nikacheka. Nimewacheka watu wangu mbele ya wageni, na leo nalitamka.

Utaratibu wa Bwana Bashiru ulikuwa mzuri. Kila mtu anapewa korosho tano ghafi, na maganda yake. Chini zimepangwa kadi zenye picha: lori, boti, wembe mpya wa jando, na ngoma ya maigizo. Unaweka korosho zako pale unapoona pana haja zaidi. Asiyejua kusoma na mwenye digrii wanakuwa sawa.

Kasoro ilikuwa moja tu. Kwao Tabora hakuna mikorosho. Wakati tunagawa, Bwana Bashiru akatia moja mdomoni akaitafuna na ganda lake.

"Usi..." mama mmoja akaanza kusema, lakini tayari.

Kila aliyezaliwa kwetu anajua lile ganda lina mafuta yanayounguza kama moto. Dakika chache tu midomo ya mratibu ikawa imeumuka kama maandazi mawili. Wakamletea nazi asuuzie. Machozi yanamtoka, hawezi kutamka hata jina lake. Akanionyesha kwa mkono: endelea wewe, mwalimu.

Hata shetani angeomba nafasi ile asingeipata.

Nikasimama kueleza kadi. Ya lori nikaieleza kwa roho yote, nikataja vijana tuliowazika, nikataja mama lishe walioacha watoto. Watu wakafuta macho. Ubaya wa uongo wangu ni kwamba ulikuwa umebeba kweli nyingi. Barabarani watu walikuwa wanakufa, Mungu anajua.

Ya boti nikaieleza kwa maneno machache. "Hili ni la wahamaji wa kule visiwani. Wachache, na leo wapo kesho hawapo."

Watu wakaanza kupanga korosho zao. Lori likafunikwa. Wembe ukapata zake, ngoma ikapata zake. Kadi ya boti ilikuwa tupu kabisa.

Hapo ndipo akatokea nyuma ya watu mwanamke mzee, kanga imelowa mpaka magotini, kapu mkononi. Akapokea korosho zake tano. Akainama, akaziweka zote kwenye boti, moja baada ya moja.

Alikuwa mama yangu, Bi Mwanabaraka, kutoka dagoni Kikunguni.

Akanyoosha mgongo, akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwalimu, leo mwezi ngapi?"

Mama yangu mzazi aniite mwalimu!

"Leo ni Jumamosi, mama."

"Nimeuliza mwezi, sikuuliza juma."

"Sijui, mama. Sikuangalia."

Akanitazama. Kisha akasema, "Haya," akaenda kukaa peke yake kwenye ule mkeka mtupu.

*

Nyumbani Zuena alimpokea mkwewe kwa shangwe, akampikia uji wa mchele, akamkanda miguu. Mama akamshukuru kwa dua ndefu. Zuena alipotoka kwenda kisimani, uso wa mama ukabadilika.

"Nimekodi mtumbwi jana alfajiri," akasema. "Kwa sababu mie mzee sivuti tena wavu, wenzangu wamenituma. Wote wako majini. Wewe wawajua vizuri walipo."

"Mama, nilikosea tarehe."

"Fikirini! Mwana niliyembeleza kwa kumhesabia mwezi akosee bamvua?"

Nikajifanya nakunja mkeka.

"Ati wajua wamefanya nini wale wanawake? Waliposikia boti huenda likaja, wamekata makuti, wamejenga banda. Wamepiga na pazia la kanga, maana walisikia mtu hupimwa faragha. Wanawake thelathini na wawili wameapa watapimwa wote, asibaki mtu, ili asinyooshewe mtu kidole. Banda lile lawasubiri hata sasa."

Ningependa kuwaambia nililia. Sikulia. Nilikuwa nasikiliza kama Zuena amerudi.

Mama akaliona hilo pia. Akashusha sauti.

"Bwana wa barafu amekufa. Wewe wajua. Mie najua kwamba wajua. Na Mwantum ajua kwamba wewe wajua na hukurudi hata kumpa pole. Haya, hayo yenu. Huyu mwana wa watu aliyenikanda miguu sasa hivi ana makosa gani?"

"Mama, nakuomba."

"Yule mshauri alipita Nyamisati mwezi jana. Mie nilimsikia kwa masikio yangu. Mjamzito akijulikana mapema, iko dawa hospitali kubwa Dar es Salaam, yaweza kumkinga mtoto. Akijulikana mapema, Fikirini. Mapema!"

"Na akijua ataniacha."

"Akuache! Mtu huachwa akapona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe huumbuki peke yako, waumbua na mjukuu wangu."

Sauti ya ndoo ikasikika uani. Mama akasema haraka haraka, "Nenda kwa yule mwenye midomo. Mwambie kikao kirudiwe, kifanyike dagoni, siku ya maji mafu, watu wako nchi kavu. Na mkeo umwambie mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla ya siku hiyo. Ukimwambia, mie nitakufa sijasema neno. Usipomwambia..."

Zuena akaingia. Mama akamalizia kwa kuuliza kama maji ya kisima yamepungua chumvi.

*

Nilikwenda kwa Bwana Bashiru jioni ile ile. Midomo ilikuwa imepungua kidogo, anaongea kama mtu mwenye ndimu nzima mdomoni.

Nikamweleza habari ya bamvua. Nikamwambia nilisahau kuangalia mwezi, kwamba watu wa delta hawakususa, walikuwa kazini. Maneno yote yalikuwa kweli isipokuwa lile moja, "nilisahau".

Nilitegemea anifukuze ukatibu. Akasimama akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimefanya kazi mikoa minne. Sijapata kumwona katibu anayekuja mwenyewe kusema nimekosea."

"Mratibu, usinisifu."

"Nitakusifu! Baada ya siku nane tunakwenda Kikunguni sote na mshauri wetu. Wakipanga wao pia, ndipo tutajumlisha. Na vipimo tunabeba, wakitaka tuanzie hapo hapo."

Kesho yake akanisifu mbele ya kamati nzima. Wakanipigia makofi. Wenzangu, kupigiwa makofi kwa uongo kunauma kuliko bakora. Nilikaa nikitazama viatu vyangu, na wao wakaona ni unyenyekevu, wakaongeza makofi.

Siku nane hizo nilizipoteza moja moja. Siku ya kwanza nilijiambia Zuena amechoka. Siku ya pili Iman alikuwa na homa. Siku ya nne nilimkuta anachambua mchele, nikakaa chini mkekani, nikasema, "Mama Iman, kuna jambo."

"Lipi?"

"Jambo la kule kwetu."

Uso wake ukachanua. "Mama ameshakwambia? Nilimwambia asubiri niseme mwenyewe! Ndiyo, nakwenda nanyi Kikunguni. Miaka sita nimeolewa sijapaona mahali mkwe wangu anapokaa. Amenialika, na mimi nimekubali."

"Zuena, una mimba. Boti linarusha."

"Wanawake wa kule hawabebi mimba? Ama kuna kitu huko hutaki nikione?"

Aliuliza huku akicheka, mchele mkononi. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Ningesema tu, ndiyo, kipo.

"Hakuna kitu," nikasema. "Nakuhofia wewe tu."

"Basi usihofu," akasema, akaendelea kuchambua.

Siku ya tano, ya sita na ya saba sikujaribu tena. Nilikuwa nimeanza kujidanganya kwamba mama hatathubutu. Mama gani atamvunjia mwanawe nyumba?

*

Tulipanda boti Nyamisati mwezi ishirini na mbili, maji mafu, mto umetulia. Zuena alikaa mbele na mama, wameshikana mikono. Mimi nilikaa nyuma na Bwana Bashiru, ambaye safari hii alikuwa amebeba karanga zake mwenyewe.

Dago lilikuwa limefagiwa. Nyavu zote zimeanikwa. Banda lile nililoambiwa nikaliona, makuti yake bado mabichi, pazia la kanga mbili zilizounganishwa kwa mkono. Nilipita pembeni yake kama mtu anayepita kaburi asilolijua.

Kikao hakikuchukua muda. Wakapanga, pamoja na korosho zilizotumwa na madago mengine yote. Boti likashinda, hata ulipochanganya na hesabu ya Kibiti. Bwana Bashiru akatangaza miezi minne delta, miwili barabarani, na watu wakashangilia. Nikasema moyoni alhamdulillahi, imekwisha, na aibu yangu imezikwa ndani yake.

Mshauri, mama wa makamo mwenye miwani, akafungua sanduku lake.

"Leo nina vipimo vya watu arobaini," akasema. "Wengine safari ijayo. Nani atangulie, mtapanga wenyewe."

"Tumeshapanga," ikajibu sauti.

Alikuwa Mwantum. Nilikuwa nimemkwepa kwa macho tangu tushuke. Hakuwa amekonda kama nilivyoogopa, hakuwa amenona kama nilivyotumaini. Alikuwa Mwantum yule yule, kilemba kichwani, mikono ina magamba ya samaki.

"Panga mstari, jamani!" akasema.

Wanawake thelathini na wawili wakajipanga mbele ya pazia. Walijua nafasi zao. Wenye mimba mbele, wanne. Wenye watoto wachanga nyuma yao. Kisha wengine, na wanaume mwisho kabisa, wakinung'unika kidogo. Bwana Bashiru akanigonga bega. "Umeona, mwalimu? Kipaumbele! Hata mimi nisingewapangia vizuri hivi."

Lakini mbele ya wale wenye mimba walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

"Hapa mbele mbona wazi?" akauliza mshauri.

Mwantum akatoka mstarini. Akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda pale alipokaa Zuena na mama. Akapiga goti, akamshika mke wangu mkono kwa adabu zote.

"Dada, nafasi ile ni yako."

Zuena akacheka, akashika tumbo lake. "Kwa sababu ya huyu? Jamani, mimi mgeni. Watangulie wenyeji wenye mimba."

Hapo nikapumua. Nikafikiri ni heshima tu, mgeni mjamzito, mkwe wa Bi Mwanabaraka. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anatazama mchanga.

"Wenyeji wenye mimba ni wale wanne," akasema Mwantum. "Tumeongea nao. Wote wamekubali wakae nyuma yako."

Kicheko cha Zuena kikapungua. "Mbona mimi?"

"Sisi kila mmoja hapa anajua kwa nini anapimwa, dada. Wewe peke yako ndiye hujui."

Bwana Bashiru akaacha kutafuna. Zuena akainuka taratibu, mkono mmoja kiunoni, akatazama mstari mzima, uso kwa uso, akitafuta atakayemwambia. Hakuna aliyemkwepa macho. Macho yake yakaja mpaka kwangu yakasimama.

"Baba Iman," akasema, "wanasema nini hawa?"

Mshauri alikuwa ameshalishika pazia, amelifungua nusu. Wanawake thelathini na wawili wakageuka wakanitazama, wakasubiri nijibu.